Nani Alipe Gharama? Serikali za Mitaa na Kampuni za Mafuta Mahakamani

Mashauri ya tabianchi ni kesi za madai zinazofunguliwa na miji, kaunti na majimbo dhidi ya kampuni zinazochimba na kuuza makaa ya mawe, mafuta na gesi asilia, kuomba fidia ya gharama za kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Mengi yamefunguliwa Marekani tangu mwaka 2017, zilipotangulia kaunti za San Mateo na Marin pamoja na mji wa Imperial Beach, California. Tunaeleza hapa msingi wa madai hayo, kikwazo chake na swali la haki lililomo.

Kijiji cha Kivalina

Kabla ya hapo, mwaka 2008, kijiji cha Kivalina huko Alaska, chenye wakazi wa asili takribani 400, kilikwenda mahakamani. Barafu iliyokuwa ikikikinga dhidi ya dhoruba ilikuwa imepungua, na pwani ikawa inamegwa na mawimbi. Kukihamisha kulikadiriwa kugharimu kati ya dola milioni 95 na milioni 400. Kijiji kilishindwa, na mwaka 2012 mahakama ya rufani ikathibitisha hukumu hiyo. Swali la nani alipe likabaki bila jibu.

Shauri la Honolulu

Machi 2020, jiji la Honolulu, Hawaii, lilifungua shauri lake dhidi ya Sunoco, ExxonMobil, Shell, Chevron, BP na kampuni nyingine. Jiji halikuomba visima vifungwe. Linadai kwamba kampuni hizo zilijua kwa miongo mingi madhara ya bidhaa zao, hazikuwatahadharisha wanunuzi, bali ziliwapotosha. Na kwamba sasa wananchi wanabeba gharama za bahari inayopanda na kutishia barabara, fukwe na mabomba. Hoja zake ni za sheria ya kawaida ya madai: kuleta kero kwa umma, kuingilia mali ya mwingine na kutotoa tahadhari.

Kuhusu kujua, kuna kumbukumbu. Mwaka 1977 James Black, mwanasayansi wa Exxon, aliwaeleza viongozi wa kampuni kuwa kuchoma mafuta kunaweza kubadili hali ya hewa ya dunia. Utafiti uliochapishwa Januari 2023 katika jarida la Science ulionesha kuwa makadirio mengi ya joto yaliyofanywa na wanasayansi wa Exxon kati ya 1977 na 2003 yalikuwa sahihi. Kampuni zinakana kwamba ziliudanganya umma.

Kikwazo cha kisheria

Kampuni hujibu kwamba hewa ukaa hutoka duniani kote, hivyo jambo hili ni la sheria ya shirikisho na sera ya taifa, wala haliwezi kuamuliwa kwa sheria ya jimbo moja. Hoja hiyo ina uzito: Aprili 2021 mahakama ya rufani ilithibitisha kutupwa kwa shauri la jiji la New York. Lakini Oktoba 2023 Mahakama ya Juu ya Hawaii iliamua kwamba shauri la Honolulu linahusu udanganyifu, si udhibiti wa moshi, na linaweza kuendelea. Januari 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kusikiliza ombi la kampuni la kupinga uamuzi huo. Honolulu haikushinda fidia kwa hatua hiyo. Ilipata nafasi ya kuleta ushahidi wake.

Swali la haki

Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, anayewasha moto ukateketeza mazao ya jirani hutakiwa kulipa. Waraka wa Baba Mtakatifu Fransisko, Laudato si', wa mwaka 2015, nao unafundisha kwamba anayefaidika na mali asili ya wote aibebe gharama yake, asiwatwike wengine wala vizazi vijavyo. Ni kweli kwamba sisi sote tunaotumia mafuta tumechangia moshi huo. Hata hivyo, aliyejua na kuficha hawezi kulinganishwa na aliyenunua bila kujua.

Mahakama zinaweza kuamua kwamba si mahali pake kulipima jambo hili. Hata zikiamua hivyo, gharama haitatoweka: ukuta wa bahari utajengwa na mabomba yatahamishwa kwa kodi ya wananchi, au pasipo na fedha, kwa hasara ya wakazi wa pwani.