Fundi Saa wa Blois na Sanduku Lisilonyanyuka

Kazi yangu ni saa. Zaidi ya miaka thelathini nimekaa nyuma ya meza ileile hapa Tanga, lenzi jichoni, kibano mkononi. Wateja wakipungua, na siku hizi wamepungua kweli maana kila mtu anatazama saa kwenye simu, natoa kwenye droo shilingi moja ya zamani, ile yenye sura ya Mwalimu upande mmoja na mkono ulioshika mwenge upande wa pili. Naibana kiganjani, kati ya nyama ya shina la kidole gumba na ukingo wa pili wa kiganja, halafu navilegeza vidole kama havina kitu. Kubana si taabu. Taabu ni kulegeza. Mwaka mzima wa kwanza mkono wangu ulikakamaa kama wa mtu aliyeshika kaa.

Ugonjwa huu wa mazingaombwe niliupata shule ya msingi. Walio rika langu watakumbuka: mwalimu mkuu anatangaza mstarini kwamba kesho kuna mazingaombwe, kila mtoto aje na kiingilio. Alikuja bwana mmoja na sanduku la bati, akatoa yai mdomoni mwa kiranja, akakata kamba ikaungana. Kisha akatuambia kuna jini anayemsaidia. Wiki nzima hatukwenda chooni peke yetu.

Baadaye sana nikamsoma fundi saa mwenzangu, Jean-Eugène Robert, aliyezaliwa Blois, Ufaransa, mwaka 1805. Baba yake alikuwa fundi saa pia, ila alitamani mwanawe awe mtu wa sheria. Kijana hakutaka. Anasimulia mwenyewe kwamba alinunua kitabu cha Ferdinand Berthoud kuhusu utengenezaji wa saa, na muuza vitabu akakosea, akamfungia vitabu vya michezo ya kisayansi, mazingaombwe yakiwemo. Alipovifungua nyumbani hakuvirudisha. Akamlipa faranga kumi tabibu wa miguu wa mjini kwao amfundishe kurusha mipira, mpaka akaweza kuiweka minne hewani huku anasoma kitabu kilichowekwa mbele yake. Njiani alitembea mikono mifukoni, vidole vikichezea sarafu. Mezani mkono mmoja ulishika kijiko, wa pili ulikuwa mazoezini. Nami nimejaribu hilo la kijiko. Mke wangu alinihamishia jikoni.

Alipomwoa binti wa ukoo wa Houdin, akaliunga jina la mkewe na lake: Robert-Houdin. Alitengeneza saa yenye uso wa kioo kitupu, mshale unazunguka na wewe huoni gurudumu wala springi inayousukuma. Kwa fundi kama mimi, hiyo inatosha kumpa heshima zote. Julai 1845 akafungua ukumbi mdogo wa mazingaombwe Palais-Royal, Paris. Alipanda jukwaani na suti ya jioni, sawa na wageni wake, wakati wengine wa kazi hiyo walipenda majoho na meza zilizofunikwa nguo hadi chini. Meza zake zilikuwa nyembamba, na taa zilikuwa nyingi.

Ukumbini humo ndipo lilipoonekana lile sanduku. Lilikuwa dogo, lenye bamba la chuma kitakoni, na chini ya jukwaa kulikuwa na sumaku ya umeme. Mkondo ukikatika, mtoto analibeba. Ukiwashwa, halinyanyuki hata aje mchukuzi wa bandarini. Enzi hizo sumaku ya umeme haikujulikana mitaani, naye hakujishughulisha kuwaeleza watu. Sina ugomvi na hilo. Watu wa Paris walilipa kiingilio wakijua wamekuja kufanyiwa kiinimacho.

Ugomvi wangu unaanzia mwaka 1856. Ufaransa ilikuwa imeivamia Algeria tangu 1830, na bado iliwaogopa viongozi wa dini waliosikilizwa na watu. Serikali ikamtuma fundi wetu, aliyekwisha kustaafu, akawaoneshe kwamba Mfaransa ana uwezo kuwazidi. Jijini Algiers machifu waliitwa ukumbini kama wageni wa serikali. Sanduku lilikuwa lilelile, yaliyobadilika ni maneno. Sasa alisema anaweza kumwondolea mwanamume nguvu zake. Akapanda mtu wa miraba minne, akalinyanyua kwa urahisi, akaambiwa: nimekufanya dhaifu kuliko mwanamke, jaribu tena. Akavuta, akahema, likagoma. Kisha umeme ukapitishwa kwenye mpini. Yule bwana alipiga yowe, akakimbia.

Haya tunayajua kwa kalamu ya Robert-Houdin, katika kumbukumbu alizotoa 1858, na mtu akijisimulia huwa hajipunji. Anaandika pia kwamba wakalimani waliagizwa kuwaeleza watu kuwa yale yalikuwa ustadi wa mkono tu, na kwamba machifu walimpa hati ya pongezi. Huenda. Lakini umeme ulikuwa umekwisha kupita mwilini mwa mtu. Tena Waarabu hawakuwa wageni wa kiinimacho: karne ya 13 al-Jawbari wa Damascus aliandika kitabu kizima kufichua hila za matapeli.

Nikiisoma sura ile ya Algiers humkumbuka bwana wa sanduku la bati na jini lake. Yeye angalau alikuwa anatafuta ugali.

Robert-Houdin alifariki mwaka 1871, chini ya mwaka mmoja baada ya mwanawe kuuawa katika vita na Waprusi. Mbele ya ngome ya Blois, tangu 1998, kuna jumba la makumbusho ya mazingaombwe lenye jina lake. Nikijaliwa kufika, nitauliza ilipo saa ya kioo. Sanduku, kama wanalo, walifunike tu.