Kwa Mwezi, Shilingi Ngapi?

"Unalipwa shilingi ngapi kwa mwezi?"

Ofisa ustawi wa jamii aliuliza swali hilo kalamu ikiwa tayari juu ya karatasi. Alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye foleni ndefu mlangoni. Mzazi mwenzangu alikaa kiti cha pili kutoka kwangu, mkoba magotini. Binti yetu wa miaka mitatu tulikuwa tumemwacha kwa bibi yake, Mbagala.

"Inategemea, mama," nikajibu.

"Inategemea nini, mwanangu? Mwezi si unaisha kwa watu wote?"

Nikaeleza. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili, somo la historia. Ninauza viwanja kwa kamisheni. Sina mshahara. Mteja akilipa, ninapata asilimia 5 ya alicholipa. Asipolipa, sipati hata nauli ya kumpeleka akaone kiwanja. Kuna mwezi nimelala na laki sita na kuna miezi miwili nimelala na sifuri. Ofisa alinisikiliza mpaka mwisho, akatazama karatasi yake, akauliza tena kwa upole uleule: "Sawa. Kwa mwezi niandike ngapi?"

Nilitoka pale nimeona aibu, lakini pia nimekasirika, kama mtu aliyeulizwa swali lisilo na jibu kisha akaonekana mjinga. Jioni ile nikarudi kwenye tasnifu yangu, ambayo kwa bahati mbaya au nzuri inahusu ujira na familia katika Tanganyika ya kikoloni. Nilitaka kujua huo mwezi ulitoka wapi.

Katika mashamba ya mkonge ya Tanga, wakati wa Wajerumani na baadaye wa Waingereza, kibarua alipewa kipande. Kilikuwa kadi yenye nafasi 30. Ukimaliza kazi uliyopangiwa siku hiyo, karani anatia alama. Usipomaliza, au ukiugua, au mvua ikiharibu siku, hakuna alama. Ujira kamili ulikuja kadi ilipojaa. Kwa hiyo "mwezi" wa manamba haukuwa mwezi wa kalenda hata kidogo. Ungeweza kuanza mwandamo huu na kuishia katikati ya mwandamo ujao. Mwajiri alihesabu kazi, tumbo likahesabu siku.

Nilipolisoma hilo kwa mara ya kwanza, mwaka wa kwanza wa masomo, niliandika pembeni mwa daftari: "unyonyaji". Nilipolisoma tena baada ya kutoka ustawi, nilijiuliza swali ambalo sikuwa nimeliuliza. Siku zile ambazo kadi haijajaa, watoto wa manamba walikula nini?

Jibu lilikuwa limeandikwa waziwazi na wakoloni wenyewe. Ujira wa Mwafrika ulipangwa kwa hesabu ya mwanamume mseja. Mke na watoto, walisema, wako kijijini na wanalishwa na shamba. Maana yake, kadi isipojaa, pengo halikubaki hewani. Lilizibwa na jembe la mwanamke fulani, huko Songea au Kigoma, ambaye jina lake halikuingia kwenye daftari la karani yeyote.

Mwaka 1949 Tanganyika ilitungiwa sheria iliyomruhusu mwanamke asiyeolewa kumshtaki mwanamume aliyezaa naye ili atoe matunzo. Kwa wakati wake ilikuwa hatua, kwa sababu ilikubali kwamba mtoto wa nje ya ndoa ana baba mwenye deni. Lakini sheria ile ilikuwa na kikomo, na kikomo kilichokutwa kwenye vitabu siku ilipofutwa kilikuwa shilingi 100 kwa mwezi. Hakimu hakuruhusiwa kuamuru zaidi ya hapo, hata kama baba anamiliki mabasi.

Shilingi 100 hazikuwa mzaha tangu mwanzo. Baada ya uhuru, kufuatia bodi iliyoongozwa na Mwingereza aitwaye Chesworth mwaka 1962, kima cha chini cha mshahara Dar es Salaam kiliwekwa kuwa shilingi 150 kwa mwezi. Ukiiweka sheria mbele ya mshahara ule, unaona mtu iliyemfikiria: karani, mpagazi wa bandarini, fundi wa reli, mtu mwenye bahasha inayojulikana inafika lini na ina kiasi gani. Kwa mtu huyo, neno "kwa mwezi" lilikuwa na maana.

Mambo yalifanana upande wa pili wa mpaka. Nchini Kenya, kamati iliyoongozwa na Carpenter ilipendekeza mwaka 1954 kwamba mshahara wa Mwafrika uache kupangwa kwa hesabu ya mseja, utoshe familia. Miaka mitano baadaye, mwaka 1959, ikaja sheria ya matunzo kwa watoto wa wanawake wasioolewa. Kwa mantiki ya maofisa vitu hivyo viwili vilishikana: kwanza umpe mwanamume mshahara wa familia, kisha unaweza kumdai familia. Lakini mwaka 1969 Bunge la Kenya, ambalo halikuwa na mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa, liliifuta sheria hiyo. Wabunge walilalamika kwamba wanawake wanaitumia vibaya. Ilibidi kungoja Katiba ya 2010 ndipo iandikwe, katika ibara ya 53, kwamba baba na mama wana wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au hawajaoana.

Huku kwetu hakuna aliyeifuta. Iliachwa tu, na shilingi 100 zikaachwa ndani yake. Mwaka 1971 ikaja Sheria ya Ndoa, ikamtaka baba awatunze watoto wake kwa kadiri ya uwezo wake na hadhi yake, kwa kuwapa mahali pa kulala, nguo, chakula na elimu, au kwa kulipia gharama za vitu hivyo. Kwa mtoto wa nje ya ndoa, ile sheria ya 1949 ilibaki kwenye vitabu. Thamani ya shilingi ikashuka miaka ya sabini, ikaporomoka miaka ya themanini. Serikali ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, mashirika ya umma yakaanza kuuzwa au kufungwa miaka ya tisini, wafanyakazi wakapunguzwa. Yule mtu wa bahasha ya mwisho wa mwezi, ambaye sheria ilimfikiria, akatoka getini na kiinua mgongo chake. Akawa dalali, machinga, dereva wa daladala anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni na kubaki na kinachobaki. Mtaani waliongezeka watu wa "inategemea". Sheria iliendelea kuuliza ya mwezi.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ndiyo iliyoifuta ile ya 1949. Kufikia mwaka huo shilingi 100 haikutosha nauli ya mtu mzima kwenye daladala. Nilikisoma kifungu cha 44 cha sheria mpya nikitafuta pa kujifichia, nikakuta mlango uko wazi na mwanga umejaa. Hakina kikomo. Hakidai mshahara. Kinamtaka hakimu aangalie kipato na mali za wazazi wote wawili, kama uwezo wa mtu wa kupata kipato umepungua, kama ana watoto wengine, gharama za maisha mahali mtoto anapoishi, na haki za mtoto mwenyewe. Dalali anaingia humo. Muuza viwanja anaingia. Basi nikajenga hoja yangu vizuri, kama mwanafunzi: tatizo ni neno "kwa mwezi", urithi wa kipande na bahasha, na mimi ni mtu wa zama nyingine ninayepimwa kwa kibaba cha zamani.

Wiki iliyofuata niliibeba hoja hiyo ustawi. Mzazi mwenzangu alikuja na daftari.

Lilikuwa daftari la kawaida la shule. Hakulifungua kwa hasira. Alilisukuma mezani, akamwambia ofisa, "Mama, naomba usome kuanzia Januari." Januari nilituma 30,000. Februari sikutuma. Machi 10,000. Aprili niliuza viwanja vitatu vya milioni 4 kila kimoja, wateja wakalipa taslimu, nikapata laki sita na kutuma laki nne siku hiyohiyo. Ninaikumbuka ile siku. Nilitembea kutoka kituoni hadi hosteli kifua mbele. Nilijiambia kwamba mwenye mshahara wa laki mbili asingeweza kutuma laki nne kwa mpigo.

Chini ya laki nne zangu, kwa mwandiko mdogo, kulikuwa na mistari minne. Deni la dukani, 145,000. Mkopo wa kikoba, 150,000. Riba ya kikoba, 15,000. Ada ya chekechea iliyochelewa, 70,000. Imebaki 20,000.

Pesa yangu ilikuwa imekwisha kabla haijafika. Ile riba, 15,000, ndiyo iliyonikaa kooni. Mimi sikukopa. Mwanangu alikunywa maziwa Februari, kwa hiyo kuna mtu alikopa, akaenda kikobani akaomba mbele ya wanawake wenzake, akarudisha na ziada, kisha akanishukuru kwa ujumbe nilipotuma laki nne. Nilikuwa bado nao kwenye simu: "Ahsante, Mungu akuongezee."

Hoja yangu ya mwezi ilikuwa sahihi, na bado ningesimama nayo mbele ya msimamizi wangu. Lakini haikuwa imemaliza kazi. Kipato kisichotabirika hakipotezi kutotabirika kwake kwa sababu tu sheria imekielewa. Kinambebesha mtu. Kadi ya manamba isipojaa, aliyebeba ni mke shambani. Kamisheni yangu isipoingia, anayebeba ni mwenye daftari hili, muuza duka wa Mbagala, na bibi anayesema ameshashiba. Nilikuwa nimeandika kurasa nyingi juu ya mwanamke ambaye jina lake halikuingia kwenye daftari la karani, na mwenzake alikuwa anaandika daftari lake mwenyewe nami sijawahi kuomba kulisoma.

Ofisa alifunga daftari. "Sasa, kijana," akasema, "tuache mwezi. Kila wiki kuna kitu huwezi kukosa?"

Nilifikiri. Ninafundisha tuisheni ya kidato cha nne Jumamosi. "Elfu kumi na tano," nikasema.

"Hiyo iwe Jumatatu, mvua, jua. Na kamisheni ikiingia?"

Tulibishana kidogo hapo, wote watatu. Mwisho tulikubaliana theluthi moja ya kila kamisheni, siku inapoingia, kabla sijaigusa. Nusu ya theluthi hiyo ni ya matumizi na ada. Nusu inakaa kwenye akiba iliyo mikononi mwake, ya kulipia miezi ya ukame ili kikoba kisiguswe. Akaandika yote kwa mkono, kwa sababu nafasi iliyokuwepo kwenye karatasi ilikuwa ndogo. Tukatia saini.

Sitaki kusema kwamba mambo yamenyooka. Theluthi ya kamisheni yangu ya mwisho ilikuwa 16,000. Na mwezi uliopita tuisheni ilifungwa kwa ajili ya mitihani, Jumatatu ikafika sina kitu. Nilikaa kitandani nikiwa na simu mkononi. Maneno ya zamani yalikuwa tayari kidoleni: nivumilie kidogo, kuna mteja wa Kibaha.

Nikayafuta. Nikamfuata mwenzangu wa chumba, nikamwomba 15,000, nikampa siku ya kurudisha. Alinitazama sana kabla ya kutoa, akaniuliza mara mbili kama nina uhakika na hiyo siku. Haikuwa raha. Nilituma pesa kabla ya saa nne asubuhi. Deni la wiki ile lilikuwa langu.