Mapato ya matangazo ya mtandaoni katika pwani ya kusini ya Kenya

Mapato ya matangazo ya mtandaoni ni fedha anazolipwa mchapishaji, yaani mtu au kikundi kinachotoa maandishi, picha au video kwenye intaneti, kwa sababu tangazo la biashara ya mtu mwingine limeonekana kando ya kazi yake, ndani yake au kabla ya kuanza kwake. Katika Kaunti ya Kwale, kuanzia Kinango na Samburu barani hadi Diani, Msambweni na Shimoni pwani, fedha hizo hupatikana kwa njia mbili ambazo wanaoanza huzichanganya: matangazo yanayogawiwa kwa mitambo na kampuni kubwa za kigeni, na matangazo ambayo mchapishaji huyauza mwenyewe kwa mwenye hoteli, duka au chuo kilicho karibu naye. Mchapishaji mchanga kwa kawaida huikimbilia njia ya kwanza, ilhali kwa anayewaandikia Waduruma na Wadigo wenzake ile ya pili ndiyo yenye matumaini zaidi ya kumlipa mapema.

Njia ya kwanza huendeshwa kwa mnada. Mpango wa AdSense, ulioanzishwa na Google mwaka 2003, huinadi nafasi ya tangazo kila mara ukurasa unapofunguliwa, na kazi hiyo humalizika kabla ukurasa wenyewe haujamaliza kujitokeza kwenye simu. Mfugaji aliyezoea kupeleka ng'ombe sokoni angeielewa biashara hii upesi, isipokuwa kwamba hapa mnyama anayeshindaniwa ni msomaji, wanunuzi hawaonekani, na aliyemleta msomaji huyo sokoni hana sauti kubwa katika kupanga bei. Bei yenyewe hufuata nchi aliko msomaji, lugha anayoitumia, jambo analolitafuta na idadi ya kampuni zinazotaka kumuuzia kitu wakati huo. Hukadiriwa kwa kila maonyesho elfu moja, neno maonyesho likimaanisha idadi ya mara ambazo tangazo limetokea mbele ya macho ya mtu.

Matokeo yake ni kwamba makala mbili za mwandishi mmoja, zilizosomwa na watu walio sawa kwa idadi, zinaweza kutofautiana mno kwa kipato. Makala ya Kiswahili kuhusu ukosefu wa malisho huko Taru itasomwa zaidi na watu wa Kinango na Mariakani, ambao kampuni za kimataifa hazishindani sana kuwafikia. Makala inayoeleza jinsi ya kufika Diani kwa feri ya Likoni au kwa barabara ya Dongo Kundu, au miezi inayofaa kuzamia katika hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti, huweza kusomwa na mtu aliye Ujerumani au Uingereza anayepanga safari, na msomaji huyo hushindaniwa na mashirika ya ndege, hoteli na kampuni za bima. Hakuna linaloonyesha kwamba makala ya pili ina manufaa zaidi kwa jamii, maana mnada haupimi manufaa. Kidigo na Kiduruma zina hali ngumu zaidi, kwa kuwa hazimo katika orodha ya lugha ambazo AdSense huzihudumia, na ukurasa ulioandikwa kwa lugha hizo pekee hauna nafasi ya kukubaliwa.

Masharti ya kuanza kulipwa ndiyo huwakatisha tamaa wengi. AdSense humtaka mwombaji awe na umri wa miaka 18, kisha akaunti ikifikisha dola 10 hutumwa barua ya posta yenye nambari ya siri ya kuthibitisha anwani, jambo lisilo dogo mahali ambapo watu wengi hutegemea sanduku la posta la shule au la jamaa. Malipo hayatoki mpaka salio lifikie dola 100, na hutolewa kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata. Ikichukuliwa kwa mfano tu kwamba kila maonyesho elfu moja yanampa mchapishaji dola moja, atahitaji maonyesho 100,000 kabla ya kugusa senti yoyote, huku bando la intaneti akilinunua kila siku.

YouTube, ambako wachekeshaji na waimbaji wa pwani wamekimbilia zaidi kuliko kwenye maandishi, iliongeza masharti yake mwaka 2018: chaneli huhitaji wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 ili ipate mgao wa matangazo. Saa hizo ni dakika 240,000, yaani mitazamo 80,000 ikiwa kila mtazamaji atadumu kwa dakika tatu. Mbadala wake ni video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 katika siku 90. Na kwa kuwa sensa ya 2019 iliwahesabu watu 866,820 katika Kwale nzima, kila mkazi, wakiwemo watoto wachanga, angelazimika kutazama zaidi ya mara kumi na moja ili idadi hiyo ifikiwe na wakazi wake pekee. Akishakubaliwa, mwenye chaneli hupata asilimia 55 ya mapato ya matangazo kwenye video za kawaida na asilimia 45 kwenye zile fupi. Facebook iliwafungulia Wakenya mlango wa namna hiyo mwaka 2024, baada ya kampuni ya Meta, inayoimiliki Facebook, kutoa ahadi hiyo mwezi wa Machi.

Kosa linalofunga akaunti nyingi changa ni kuomba msaada wa ukoo. Ujumbe unaosambazwa kwenye kundi la WhatsApp ukiwasihi ndugu na majirani wabofye matangazo huhesabiwa kuwa udanganyifu dhidi ya mwenye tangazo, na mitambo huutambua kwa urahisi, kwa kuwa mibofyo mingi hutoka eneo moja kwa wakati mmoja bila mtu yeyote kununua chochote. Hali ni hiyo hiyo kwa desturi ya kufuatana chaneli kwa makubaliano.

Kuhusu kodi, Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya zuio, yaani kodi inayokatwa na mlipaji kabla fedha hazijamfikia mlipwaji, ya asilimia 5 juu ya mapato ya maudhui ya kidijitali kwa wakazi wa Kenya, baada ya mswada wake kupendekeza asilimia 15. Marekani nayo hukata asilimia 30 ya mapato ya YouTube yanayotokana na watazamaji walioko huko, kwa kuwa hakuna mkataba wa kodi kati yake na Kenya, na asiyejaza fomu ya kodi ya nchi hiyo huweza kukatwa asilimia 24 ya mapato yake yote ya duniani. Kwa hiyo, fomu hiyo humfaa hata mtu ambaye hana mtazamaji mmoja Marekani.

Njia ya pili haina mnada wala kiwango cha chini cha kulipwa. Mchapishaji hukubaliana na mwenye biashara bei ya wiki au ya mwezi, akalipwa kwa M-Pesa siku hiyo hiyo, na thamani ya msomaji wa karibu hubadilika kabisa: watu 500 wa Kinango, ambao kwa kampuni ya bima ya London si kitu, kwa mwenye duka la dawa za mifugo mjini humo ndio wateja wenyewe. Ukunda na Diani zina hoteli, nyumba za wageni, waendesha mashua na mikahawa ambayo msimu wa masika, Aprili hadi Juni, wageni wa ng'ambo wakipungua, huwatafuta wageni wa ndani kwa bei nafuu, na huo ndio wakati ambapo mchapishaji wa karibu husikilizwa. Ugumu wa njia hii ni wa aina nyingine. Mwenye biashara hutaka kuonyeshwa idadi ya wasomaji. Wengi hupendelea kulipa kwa chakula au malazi kuliko kwa fedha. Na mwandishi anayelipwa na hoteli hupata taabu kuandika habari za mgogoro wa ardhi unaoihusu hoteli hiyo. Busara ni kuandikiana mapatano, hata kama ni ya mistari mitatu, na kulitambulisha tangazo waziwazi kuwa ni tangazo.

Kampuni za kamari, ambazo zimekuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa matangazo nchini, huonekana kuwa mteja rahisi, lakini tarehe 29 Aprili 2025 bodi ya kudhibiti kamari ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, na chombo kilichokuwa kikitegemea mteja wa aina hiyo peke yake kilibaki mwezi mzima bila tangazo la kulipiwa.