"Brutal", Unyama na Ukatili: Kutoka Kyuso hadi Hola

Kivumishi cha Kiingereza "brutal" kimetokana na neno la Kilatini brutus, lenye maana ya kitu kizito, kisicho na akili. Hapo awali kilihusu hali ya mnyama tu. Maana ya ukatili ilifuata baadaye. Katika tafsiri za Kiswahili hupewa visawe viwili, "-a kinyama" na "katili", kana kwamba havina tofauti. Tofauti ipo, tena si ndogo. "Katili" lina asili ya Kiarabu na kiini chake ni mwuaji, yaani mtu na tendo lake. "Kinyama" humtwisha hayawani lawama.

Mfugaji wa Kyuso, kaskazini mwa Kitui, ana sababu ya kulitilia shaka neno hilo. Kikamba chake hutenga "indo", mifugo iliyo mali, mahari na akiba ya mwaka wa njaa, na "nyamũ", linalotumika zaidi kwa wanyama wa mwituni. Chui akimla mbuzi, hasara ni kubwa. Hata hivyo chui amekula kwa njaa.

Mto Tana, unaopita mpakani kaskazini mwa nchi hiyo, huteremka hadi Hola. Huko, tarehe 3 Machi 1959, askari wa kambi waliwapiga marungu mahabusu wa Mau Mau, na 11 wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilivihusisha vifo hivyo na maji waliyokunywa. Kumbe mpango wa kuwashurutisha kufanya kazi ulikuwa umeandikwa na kuidhinishwa na wakubwa. Hakuna fisi aliyewahi kuidhinishiwa mpango ofisini. Katika mjadala wa Bunge la Uingereza, Julai 1959, waliouawa walitajwa kuwa viumbe walio chini ya binadamu. Enoch Powell, yuleyule aliyekuja kuvuma mwaka 1968 kwa hotuba yake dhidi ya wahamiaji, aliikataa vikali hoja hiyo ingawa ilitoka katika chama chake mwenyewe.

Mwandishi anayeandika leo "unyama wa Hola" anawaonea uchungu waliouawa, lakini anaazima sitiari ileile waliyovishwa wao, na kuwageuzia wauaji. Ni kweli kwamba "unyama" lina kinyaa ambacho "ukatili" halina, na mshairi atasita kuliacha. Mwanahistoria hana budi kuipoteza nguvu hiyo, kwani mpango wa Hola ulitiwa saini na watu.