Mamba wa Gotthard na treni inayopiga noti

Ukitazama picha ya kichwa cha treni ya umeme cha siku hizi, utaona sanduku tu. Mbele na nyuma ni sawa, labda rangi ndiyo ikuambie ni cha nani. Zamani haikuwa hivyo, na kilichobadilika kinatuhusu sana sisi waandishi wa programu.

Tuanze Uswisi. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza makaa ya mawe yalikuwa haba na ghali, ilhali maji ya kuzalisha umeme yanateremka milimani bure. Reli ya taifa ikawa inatia umeme njia ya Gotthard, na mwaka 1919 vikaanza kutoka kiwandani vichwa vya Ce 6/8 II, ambavyo watu walivibandika jina Mamba. Pua ndefu mbele, pua ndefu nyuma, chumba katikati. Si urembo jamani! Mota za enzi hizo zilikuwa kubwa mno kuingia kati ya magurudumu, basi zikawekwa ndani ya pua, mbili huku na mbili kule, zikizungusha magurudumu kwa vyuma virefu kama vya garimoshi la mvuke. Chumba cha kati kilibeba transfoma. Vipande vyote vitatu viliungwa ili mnyama ajipinde kwenye kona.

Mwaka 1944, Uswisi hiyo hiyo, reli ya BLS ikaleta Ae 4/4: mota ndogo zaidi, kila ekseli na yake. Pua zikakosa kazi, sanduku likazaliwa.

Halafu 1979, Ujerumani Magharibi, kikaja kichwa cha aina ya 120. Elektroniki zake ziliupokea umeme wa faza moja na kuujenga upya kuwa wa faza tatu, na mota ikawa haina brashi za kuchakaa. Tangu hapo tabia ya kichwa imo ndani ya tarakilishi.

Ushahidi ninaoupenda ni Taurus ya Siemens, iliyoanza kazi Austria mwaka 2000. Inapoondoka, umeme wa mota hupandishwa kwa hatua, na wahandisi walizipanga hatua hizo zifuate noti za muziki. Utadhani mtu anajaribu saksafoni! Vectron, iliyozinduliwa 2010, ina swichi za kasi zaidi zisizohitaji hatua hizo, na wimbo ukapotea. Binafsi nimesikitika.

Reli yetu mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilifunguliwa 2017 kwa dizeli. Watanzania walianza safari za umeme Dar es Salaam hadi Morogoro Juni 2024, kwa vichwa vya Hyundai Rotem vya Korea Kusini. Masanduku, naam. Ukipita Dar, simama jirani nacho kinapoondoka, usikilize.