Dunia Moja Haikutosha: Historia ya Malimwengu Sambamba katika Katuni za Mashujaa wa Marekani

Katika majarida ya katuni ya Marekani, mhusika mmoja anaweza kuishi maisha kadhaa yasiyolingana. Yupo Superman aliyeoa na kuota mvi, na yupo Superman aliyebaki kijana na kapera, na hadithi za wote wawili huhesabiwa kuwa za kweli kwa sababu kila mmoja amewekewa dunia yake. Mpangilio huu ndio unaoitwa hapa malimwengu sambamba, yaani dunia nyingi zinazokuwapo kwa wakati mmoja bila kuonana, kila moja ikiwa na historia yake. Ni rahisi kuuchukulia kama mchezo wa kubuni uliotokana na hamu ya mambo ya ajabu, lakini historia yake inaonyesha kwamba malimwengu hayo yalibuniwa ili hadithi kongwe zisitupwe pale hadithi mpya zilipozaliwa, na kwamba baadaye yakageuka kuwa kumbukumbu ya biashara za wachapishaji, ya mapenzi ya wasomaji na ya mabadiliko ya jamii. Anayefuata nyayo za mhusika kutoka dunia moja hadi nyingine huwa anaisoma historia ya uchapishaji wenyewe.

Chanzo cha mambo ni toleo la kwanza la Action Comics, lenye tarehe ya Juni 1938, ambamo Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wawili wa mji wa Cleveland, walimtambulisha Superman. Mwaka uliofuata Bob Kane na Bill Finger walimleta Batman, na mwaka 1940 wakatokea Flash, mkimbiaji asiyeshikika aliyevaa kofia ya chuma yenye mabawa, na Green Lantern, aliyepata nguvu zake kutoka katika taa ya ajabu. Flash huyo wa kwanza, aliyeandikwa na Gardner Fox, jina lake la kawaida lilikuwa Jay Garrick, na Green Lantern wa kwanza aliitwa Alan Scott. Wote wawili walikuwa miongoni mwa waasisi wa Justice Society of America, kikundi cha mashujaa kilichoanza kuonekana katika All Star Comics mwishoni mwa mwaka huohuo, na ambacho kilikuwa cha kwanza kuwakalisha meza moja wahusika waliozoea kuishi kila mmoja katika jarida lake. Baada ya Vita Kuu ya Pili wasomaji walihamia kwenye hadithi za mapenzi, za uhalifu na za wachunga ng'ombe wa magharibi, hata ilipofika mwaka 1951 All Star Comics yenyewe ikageuzwa kuwa jarida la wachunga ng'ombe. Superman, Batman na Wonder Woman walikuwa kati ya wachache walioendelea kuchapishwa bila kukatizwa.

Mwaka 1956 mhariri Julius Schwartz alipotakiwa kumrudisha Flash, aliamua kuanza upya kabisa. Katika toleo la 4 la Showcase, lililochorwa na Carmine Infantino, Flash alikuwa mtu mwingine, Barry Allen, mtaalamu wa maabara ya polisi aliyepigwa na radi iliyomwagia kemikali mwilini. Barry alichukua jina la Flash kwa sababu alikuwa amesoma majarida ya katuni yaliyosimulia habari za Jay Garrick, kwa hiyo mbele ya Flash mpya, Flash wa zamani alikuwa mtu wa kubuniwa tu. Miaka mitatu baadaye Green Lantern naye akapata mrithi, Hal Jordan, asiyehusiana kwa lolote na Alan Scott. Mbinu hii ilifanikiwa sokoni, lakini iliacha swali gumu, kwa kuwa Superman aliyeshirikiana na mashujaa wapya alikuwa na historia ndefu iliyorudi nyuma hadi mwaka 1938, ilhali wenzake wa miaka ya 1940 walikuwa wamefutwa kana kwamba hawakuwahi kuwapo. Wasomaji wenye kumbukumbu hawakukubali kufutwa huko. Jerry Bails, mwalimu wa chuo aliyewapenda mashujaa wa Justice Society tangu utotoni, aliwaandikia Schwartz na Fox akiwasihi wawarudishe, na mwaka 1961 alianzisha jarida la wapenzi wa katuni, Alter Ego, akisaidiana na kijana Roy Thomas, ambaye baadaye angekuwa mwandishi mashuhuri wa fani hiyo.

Jibu lilitolewa katika toleo la 123 la The Flash, la Septemba 1961, lililoandikwa na Gardner Fox yuleyule aliyemwandika Jay Garrick miaka 21 kabla. Katika hadithi hiyo Barry Allen anawaonyesha watoto maajabu ya kasi yake, anautetemesha mwili wake kupita kiasi, anatoweka jukwaani na kujikuta katika mji asioujua, ambamo Jay Garrick ni mtu halisi mwenye mke na makazi. Maelezo yanayotolewa ni kwamba dunia mbili zinaweza kukaa mahali pamoja bila kugusana iwapo atomi zake zinatetema kwa viwango tofauti, na kwamba mwenye kuweza kubadili mtetemo wa mwili wake anaweza kuvuka. Jambo lenye uzito zaidi ni jinsi hadithi ilivyoeleza sababu ya Barry kumjua Jay kupitia majarida: ilisemekana kwamba Fox mwenyewe, alipolala, ndoto zake zilinasa matukio ya dunia ile nyingine, naye akiamka huyaandika akidhani ameyabuni. Wazo la dunia pacha halikuwa geni, kwani mwaka 1953 Wonder Woman alikuwa amekwisha kukutana na mfano wake wa dunia nyingine. Upya wa hadithi ya Fox ulikuwa katika kazi iliyopewa wazo hilo, nayo ni kupatanisha vizazi viwili vya hadithi bila kulazimisha kimoja kiwe uongo.

Mwaka 1963, katika matoleo ya 21 na 22 ya Justice League of America, jarida la kikundi cha mashujaa wapya, vikundi vya vizazi viwili vilikutanishwa na dunia hizo zikapewa majina. Dunia ya Barry Allen iliitwa Dunia ya Kwanza, na ile ya Jay Garrick, ambayo hadithi zake zilitangulia kwa zaidi ya miaka 15, ikaitwa Dunia ya Pili. Upangaji huo haukufuata umri. Ulifuata soko, kwa kuwa cheo cha kwanza kilipewa dunia iliyokuwa ikiuza majarida wakati ule. Mkutano wa vikundi hivyo ukawa desturi ya kila mwaka, na mwaka 1964 ikaongezwa Dunia ya Tatu, ambamo kila kitu kimepinduliwa: wenye nguvu za ajabu ni wahalifu, na Columbus ni Mmarekani aliyeigundua Ulaya.

Ulipofika muongo wa 1970, waandishi walianza kuzipanga upya hadithi za zamani kwa kufuata alama ndogondogo, na hapo ufuatiliaji wa wahusika ukawa aina ya elimu. Katika hadithi za mwanzo kabisa Superman alifanya kazi katika gazeti la Daily Star chini ya mhariri George Taylor, ilhali hadithi za baadaye zilimweka Daily Planet chini ya Perry White. Mabadiliko hayo yalifanyika mwaka 1940 bila maelezo yoyote, lakini sasa yalichukuliwa kuwa ushahidi: Superman wa Daily Star ni wa Dunia ya Pili na yule wa Daily Planet ni wa Dunia ya Kwanza. Kutokana na mgawanyo huo Dunia ya Pili ilipata kitu ambacho dunia kuu ilinyimwa, yaani kupita kwa wakati. Mashujaa wakuu hawakuruhusiwa kubadilika kwa kuwa biashara ilitegemea sura yao ileile, lakini pacha zao wa Dunia ya Pili waliweza kuoa, kuzeeka na kufa. Superman wa huko alimwoa Lois Lane katika hadithi ya mwaka 1978, na Batman wa huko alimwoa Selina Kyle, wakamzaa Helena, aliyeanza kuonekana mwaka 1977 kwa jina la Huntress, kisha Batman huyo akauawa katika hadithi ya mwaka 1979. Hadithi hizi ni miongoni mwa zenye utu mwingi kuliko zote za zama zile, na zisingeandikwa kama dunia ingekuwa moja.

Dunia nyingine zilizaliwa na mikataba. Kampuni ya Fawcett, iliyomchapisha Captain Marvel, ilishitakiwa kwa kumwiga Superman, na mwaka 1953 ikakubali kuacha kumchapisha; miaka 20 baadaye kampuni iliyoishitaki, yaani mchapishaji wa Superman, ambayo leo inaitwa DC, ilimchapisha shujaa huyohuyo kwa leseni, na makao yake yakajulikana kama Dunia S. Mashujaa wa kampuni ya Quality, iliyokuwa imekwisha kufunga shughuli zake, waliwekwa mwaka 1973 katika Dunia X, ambamo Wanazi walishinda vita na mapambano bado yanaendelea. Wahusika wa kampuni ya Charlton walionunuliwa mwaka 1983 nao walipewa Dunia ya Nne. Kwa hiyo ramani ya malimwengu hayo ilikuwa pia orodha ya kampuni zilizokufa, zilizoshindwa mahakamani au zilizouza mali zao.

Wingi huo hatimaye uliwatia wahariri hofu kwamba msomaji mpya angepotea. Kati ya mwaka 1985 na 1986 Marv Wolfman, mwandishi, na George Pérez, mchoraji, walitoa Crisis on Infinite Earths, hadithi ya matoleo 12 ambamo dunia zinateketezwa moja baada ya nyingine hadi mabaki yake yanaunganishwa kuwa dunia moja, huku Supergirl na Barry Allen wakipoteza maisha. Ugumu wa kufuta kumbukumbu ulijitokeza mara moja. Power Girl, binamu wa Superman wa Dunia ya Pili, alibaki hai wakati asili yake ilikuwa imefutwa, na waandishi wakalazimika kumbunia ukoo mwingine wa Atlantis. Kati ya mwaka 2005 na 2006 hadithi ya Infinite Crisis ilimrudishia nasaba yake ya awali, na mwaka 2007 zikatangazwa dunia mpya 52. Wasomaji walioshikilia hadithi za zamani kwa miaka 20 ndio walioshinda, na ushindi wao ulithibitisha kwamba tangazo la mhariri halitoshi kukifuta kilichokwisha kusomwa na kupendwa.

Kampuni ya Marvel ilipita njia nyingine. Mashujaa wake wa tangu mwaka 1961, waliobuniwa na Stan Lee, Jack Kirby, Steve Ditko na wenzao, waliishi katika dunia moja na wengi wao katika jiji moja la New York, hivyo dunia nyingine zilitumika kuuliza mambo yangekuwaje kama tukio fulani lingekwenda vingine, kama lilivyofanya jarida la What If? kuanzia mwaka 1977. Hata namba ya dunia kuu ya Marvel, 616, ilitoka pembeni, katika hadithi za Captain Britain zilizochapishwa Uingereza mwaka 1983, ambamo Alan Moore aliandika na Alan Davis akachora. Mark Gruenwald, aliyeanza kama msomaji mwenye kuandika juu ya nadharia ya malimwengu ya katuni, aliajiriwa na Marvel na kuongoza kamusi rasmi ya wahusika wake, iliyoanza kutoka mwaka huohuo. Kwa njia hiyo elimu ya wapenzi ikawa kazi ya ofisi.

Matunda makubwa ya utaratibu huu yalionekana katika karne hii. Mwaka 2000 Marvel ilianzisha dunia ya pembeni ili kuwasimulia upya mashujaa wake kwa wasomaji vijana, na mwaka 2011, baada ya Peter Parker, Spider-Man wa dunia hiyo, kuuawa, mwandishi Brian Michael Bendis na mchoraji Sara Pichelli walimleta mrithi wake, Miles Morales, kijana wa Brooklyn ambaye baba yake ni Mmarekani Mweusi na mama yake ana asili ya Puerto Rico. Dunia yake ilipoteketezwa katika hadithi ya Secret Wars ya mwaka 2015, Miles alihamishiwa dunia kuu, na mwaka 2018 filamu ya Spider-Man: Into the Spider-Verse, iliyompa nafasi ya kwanza, ilimfikisha kwa watazamaji wasiowahi kugusa jarida la katuni. Dunia ya pembeni ilikuwa imeruhusu jaribio ambalo dunia kuu iliogopa, na jaribio lilipofaulu likawa sehemu ya urithi wa wote.

Vipengele vya hadithi huvuka pia kutoka chombo kimoja hadi kingine. Kryptonite, madini yanayomdhoofisha Superman, yalianzia katika mchezo wa redio mwaka 1943 na kuingia majaridani mwaka 1949, naye Harley Quinn alizaliwa katika mfululizo wa televisheni mwaka 1992 kabla ya kupewa makazi katika katuni. Mifano hii inamwonya mchunguzi asiishie kwenye namba za dunia, bali aulize kila mara kipengele kilichapishwa au kutangazwa lini, wakati huo kilimilikiwa na nani, na nani aliyekibuni. Swali la mwisho ndilo lililochelewa kupewa haki yake. Siegel na Shuster waliuza haki za Superman kwa dola 130, na majina yao yakarejeshwa kwenye hadithi zake baada ya mapambano yaliyofika mwaka 1975. Bill Finger, aliyefariki mwaka 1974, alitambuliwa rasmi kuwa mbunifu mwenza wa Batman mwaka 2015. Fani iliyoweza kukumbuka ni gazeti gani Superman, kwa jina lake la kawaida la Clark Kent, aliliandikia mwaka 1939 haina udhuru wa kuwasahau watu waliomwandika, na historia ya malimwengu sambamba itakamilika pale kila dunia itakapotajwa pamoja na majina ya waliozibuni hadithi zake.