Mvamizi Kabla ya Mlinzi: Nafasi ya Kwanza ya Ulinzi katika Drafti ya NFL

Kila mwezi Aprili, mameneja wa timu 32 za NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, huingia kwenye drafti, zoezi la kuchagua wachezaji wapya, wakirudia kauli ileile: tutamchukua mchezaji bora aliyebaki, habari ya nafasi yake uwanjani tutaiangalia baadaye. (Drafti hii si ile ya vizibo vya soda chini ya mwembe, ingawa tabia yake ni moja: anayekimbilia kula kete iliyo mbele yake ndiye anayeliwa tatu kwa mpigo.) Kauli hiyo inasikika kama busara. Makala haya yanadai kwamba, kwa upande wa ulinzi, imekaa kichwa chini miguu juu. Thamani ya nafasi tunaijua vizuri. Tusichokijua ni mtu. Kwa hiyo nafasi ndiyo inayopaswa kutangulia, na nafasi yenyewe ni mstari wa mbele, yaani wale wanaomvamia kwotabeki kabla hajaurusha mpira.

Nianze na mtu. Drafti ilibuniwa na Bert Bell, mmiliki wa Philadelphia Eagles, ili timu dhaifu zipate kuinuka: aliyeshika mkia huchagua kwanza, bingwa huchagua mwisho. Ilipofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1936, Eagles walimchagua Jay Berwanger, nyota wa Chuo Kikuu cha Chicago. Hakuwahi kucheza hata mechi moja ya NFL. Tangu hapo vipimo vimeongezeka, saa za kupimia mbio zimekuwa za elektroniki, maskauti wamejaa viwanjani, lakini utabiri haujasogea kama tunavyodhani. Cade Massey na Richard Thaler (huyu wa pili ndiye aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017) walichapisha mwaka 2013, katika jarida la Management Science, uchambuzi wa miaka mingi ya drafti. Walipowalinganisha wachezaji wawili wa nafasi moja waliochaguliwa wakifuatana, yule wa mbele aliibuka bora takriban mara 52 katika kila 100. Pungufu kidogo tu ingekuwa ni kurusha sarafu.

Anayeona takwimu hiyo ni kavu aitazame drafti ya mwaka 2014. Wachezaji 12 walikwisha kuitwa, wanne kati yao wa ulinzi, ndipo Rams, wakati huo wakiwa St. Louis, wakamchukua Aaron Donald. Kasoro aliyotajiwa ni ufupi: kama sentimita 185, mbele ya majitu yanayomzidi kichwa. Akaja kuwa Mchezaji Bora wa Ulinzi mara tatu, na katika msimu wa 2018 pekee aliwaangusha makwotabeki mara 20.5 (nusu hutokana na wawili kumwangusha mtu mmoja kwa pamoja). Timu zilizompita hazikuendeshwa na wajinga. Zilikuwa na kanda zilezile na vipimo vilevile.

Ikiwa mtu hatabiriki hivyo, kumpanga kwa «ubora» bila kujali nafasi ni kupima kwa rula inayonyumbuka. Nafasi, kwa upande mwingine, ina hesabu yake, na hesabu hiyo ni nyepesi kiasi kwamba naona ajabu haitajwi mara nyingi zaidi.

Ulinzi una watu 11. Upande wenye mpira una wapokeaji 5 wanaoruhusiwa kupewa pasi, na kwa kawaida wakingaji 5 wanaomzunguka kwotabeki. Wavamizi wanne wakiweza kuwashinda wakingaji watano peke yao, nyuma wanabaki saba wa kuwachunga watano. Wavamizi wakiwa hawana nguvu, kocha hulazimika kuongeza wa tano au wa sita, na kila anayepelekwa mbele anaacha pengo nyuma yake. Ndiyo maana mvamizi mzuri humfaa hata mwenzake aliye yadi 20 nyuma, asiyemgusa mechi nzima. Katika Super Bowl, fainali ya ligi, ya Februari 2025, Eagles hawakutuma mvamizi wa ziada hata mara moja, na bado Patrick Mahomes wa Kansas City alianguka mara sita. Matokeo yalikuwa 40 kwa 22, na alama 22 hizo zinawapendelea walioshindwa, kwani nyingi zilipatikana mchezo ukiwa umekwisha.

Sasa tumweke konabeki, mlinzi wa nyuma anayemchunga mpokeaji, kwenye mizani hiyohiyo. Konabeki hodari ni kufuli zuri kwenye mlango mmoja wa nyumba yenye milango mitano. Mpinzani hana haja ya kulivunja. Tarehe 24 Januari 2010, New York Jets walicheza na Indianapolis Colts, mshindi aende Super Bowl. Jets walikuwa na Darrelle Revis, konabeki ambaye msimu ule aliwafanya wapokeaji maarufu waonekane kama wamesahau njia ya uwanjani. Akamzima Reggie Wayne: pasi 3 tu, yadi 55. Peyton Manning, kwotabeki wa Colts, hakubishana naye. Aligeukia kwingine. Pierre Garçon alipokea pasi 11 kwa yadi 151, Austin Collie 7 kwa yadi 123, na Colts wakashinda 30 kwa 17. Revis alifanya kazi yake yote siku ile, na kazi yake haikutosha, kwa sababu ulinzi wa nyuma hupimwa kwa mtu wake dhaifu kuliko wote.

Mvamizi naye anaweza kukwepwa, atasema mtu. Si wanamwekea wakingaji wawili? Wanamwekea. Lakini kumwekea wawili kuna gharama: mkingaji wa pili ametoka mahali, na mwenzake mvamizi amebaki na mtu mmoja wa kupambana naye. Kumkwepa konabeki hakugharimu kitu zaidi ya kugeuza shingo. Tofauti hii, kwa maoni yangu, ndiyo kiini cha suala zima, na ndiyo sababu siyumbishwi sana na ukweli kwamba konabeki bora huenda ni mwanariadha bora kuliko mvamizi bora.

Pingamizi zito zaidi limetoka kwa wachambuzi wa takwimu, hasa wale wa Pro Football Focus. Wao wameonyesha kwamba ulinzi wa nyuma unapokuwa mzuri, huchangia ushindi kuliko uvamizi wa mbele, maana siku hizi mpira hutoka mkononi mwa kwotabeki kabla sekunde tatu hazijatimia. Mvamizi anafika, mpira umeshaondoka. Hoja hii siipuuzi. Ila wachambuzi haohao walibaini jambo la pili, ambalo wengi hulisoma harakaharaka: ubora wa ulinzi wa nyuma hauna msimamo kutoka mwaka hadi mwaka kama ulivyo ubora wa kuvamia. Kwa mtu anayetathmini mechi ya jana, jambo la kwanza ndilo muhimu. Anayechagua kijana wa miaka 21 kwa mkataba wa miaka minne analihitaji zaidi la pili.

Kuna pia mfano wa Seattle, ambao hutajwa kila mjadala huu unapoanza. Katika Super Bowl ya Februari 2014 ngome yao ya nyuma iliisambaratisha Denver Broncos 43 kwa 8, timu iliyokuwa imefunga alama 606 msimu ule, rekodi ya ligi. Ni kweli. Lakini tazama waliipataje. Earl Thomas alichaguliwa wa 14 mwaka 2010, sawa. Kam Chancellor alikuwa wa 133, na Richard Sherman, konabeki mwenyewe, wa 154 mwaka 2011. Na kabla ya msimu ule wa ubingwa, Seattle waliingia sokoni wakanunua wavamizi wawili, Cliff Avril na Michael Bennett. Mfano unaoletwa kutetea kuchagua nyuma kwanza unaeleza zaidi kwamba nyuma kunaweza kujengwa baadaye.

Bei nayo ina lake la kusema. Tangu makubaliano ya mwaka 2011, malipo ya mchezaji mpya hupangwa na namba aliyochaguliwa, popote anapocheza. Kabla ya hapo hali ilikuwa nyingine: Sam Bradford, wa kwanza mwaka 2010, alisaini dola milioni 78 kwa miaka sita, Cam Newton, wa kwanza mwaka uliofuata, alipata milioni 22 kwa minne. Mvamizi na lainibeki, mlinzi anayesimama nyuma ya mstari wa mbele, wakichaguliwa kwa namba ileile basi wanalipwa sawa, ila sokoni hawako sawa hata kidogo. Mwaka 2025 Micah Parsons alisaini na Green Bay kwa wastani wa dola milioni 47 kwa mwaka. Konabeki Sauce Gardner alipata kama milioni 30, na Fred Warner, lainibeki anayeheshimika kuliko karibu wote, milioni 21. Ligi ina ukomo wa mishahara, kwa hiyo anayempata mvamizi kwa bei ya drafti amebakiwa na fedha ya kumnunua lainibeki. Anayefanya kinyume chake atabaki akihesabu chenji.

Ndani ya mstari wenyewe, pembeni au katikati? Hapa hoja yangu inapungua makali. Mvamizi wa pembeni huzunguka, na kwotabeki mwerevu husogea hatua mbili mbele akampita. Wa katikati huziba hatua hizo mbili. Kwa ufundi, yeye ndiye anayeudhi zaidi. Lakini majitu ya kilo 140 yanayoweza kufanya hivyo mfululizo ni machache mno, na Donald mwenye kilo kama 130 alikuwa kitu cha pekee. Ningeanza pembeni, nikijua kwamba huko nako watu huteleza. Courtney Brown, wa kwanza mwaka 2000, aliandamwa na majeraha hadi akasahaulika. Mwaka 2022 Jacksonville walivutwa na umbile la Travon Walker wakamwacha Aidan Hutchinson kwa Detroit. Msimu wa kwanza Walker aliangusha mara 3.5, Hutchinson 9.5. Misimu miwili iliyofuata Walker alifikisha 10 na 10.5. Walikosea mtu, pengine, lakini ndani ya nafasi sahihi kosa lilivumilika.

Na kama mtu hatabiriki, dawa ni kuchagua mara nyingi. New York Giants walilielewa hili mapema. Mwaka 2006 walikuwa tayari na Michael Strahan, Osi Umenyiora na Justin Tuck, wavamizi watatu ambao timu yoyote ingewatamani. Wakaitoa zamu yao ya 25 kwa Pittsburgh, wakapewa ya 32 pamoja na nyingine mbili za chini, na kwa hiyo ya 32 wakamchukua mvamizi tena: Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda aliyeuawa 1972 chini ya utawala wa Idi Amin. Magazeti yaliuliza atacheza wapi.

Februari 2008, Kiwanuka akiwa nje na mguu uliovunjika, Giants walikutana katika Super Bowl na New England Patriots waliokuwa wameshinda mechi 18 bila kupoteza. Zikiwa zimesalia chini ya nusu dakika, Giants wakiongoza 17 kwa 14, Tom Brady alirudi nyuma kutafuta pasi ndefu. Jay Alford, kijana wa mwaka wa kwanza kutoka duru ya tatu, akapasua katikati, akampiga kifuani na kumlaza chali, yadi 10 nyuma ya alipoanzia. Ilikuwa mara ya tano Brady kuangushwa jioni ile. Mpira mmoja mrefu baadaye, na mwingine, mechi ikaisha.

Mwaka 2010 Strahan alikuwa amestaafu, lakini Tuck, Umenyiora na Kiwanuka walikuwapo wote. Zamu ya Giants ilipofika, namba 15, walimwita Jason Pierre-Paul. Mvamizi wa pembeni.